Kupanga safari ndefu ya baiskeli katika Nyanda za Juu za Uskoti

Anayepanga kuvuka Nyanda za Juu za Uskoti kwa baiskeli ya milimani asipime siku yake kwa kilomita pekee, kwani penye matope ya mboji au mteremko wa mawe atalazimika kuisukuma baiskeli, pengine hata kuibeba begani. Hata hivyo, jambo ninalolihofia zaidi ni mito. Katika njia itokayo kijiji cha Blair Atholl kupitia bonde la Glen Tilt hadi Linn of Dee, korongo jembamba la Mto Dee, kijito cha Geldie huvukwa kwa miguu bila daraja. Mvua ikinyesha usiku mmoja milimani, maji yanayofika kwenye vifundo vya miguu yanaweza kupanda hadi kiunoni, na mtu aliyeanzia Blair Atholl hukuta kizuizi hicho akiwa tayari amekiacha kijiji mbali nyuma yake. Kwa hiyo, kagua ramani ya vipimo vya 1:50,000 (sentimita moja ni nusu kilomita), utie alama kila mahali njia inapokata maji pasipo daraja, na kwa kila alama uamue mapema utarudi wapi maji yakijaa.

Sheria ya ardhi ya Uskoti ya mwaka 2003 inawaruhusu waendesha baiskeli kupita karibu kote, mradi wawajibike. Katika majira ya vuli ya huko (Septemba hadi Novemba), uliza kwanza kuhusu uwindaji wa kulungu. Chapisha ramani kwenye karatasi pia, kwa sababu mtandao wa simu hukosekana katika mabonde mengi.