Mazabodi ya kadi mbili za grafiki: chungulia ndani ya sloti kabla hujatoa hela

Mwezi wa kumi mwaka jana, siku za lile joto la Dodoma la kabla ya mvua, mtoto wa dada yangu aliniingilia dukani Area C na maboksi matatu mikononi. "Shikamoo mama mdogo." Hata marahaba sijaimaliza ameshayatua mezani. Mawili yalikuwa na kadi za grafiki, GTX 1070 pacha, za mtumba lakini zimetunzwa. La tatu lilikuwa na mazabodi, ile bodi kuu ya kompyuta, ya B250 ambayo haijawahi kutumika. Anasoma UDOM, na humo ndani lilikuwemo boom lake, yaani hela ya mkopo wa masomo, pamoja na hela zote alizopata kwa kuwawekea wenzake Windows hosteli nzima.

"Ina sloti mbili ndefu, nimehesabu mwenyewe," akaniambia.

Tukafunga. Kompyuta ikawaka, kadi zote mbili zikasoma. Tulipofungua paneli ya NVIDIA, sehemu ya kuwashia SLI, ule mfumo wa NVIDIA wa kuzifanya kadi mbili zifanye kazi pamoja, hatukuiona kabisa. Tukabadilisha draiva, tukabadilisha daraja la kuunganisha kadi, ya juu tukaiweka chini na ya chini juu, mpaka adhana ya isha ikatukuta palepale. Mwisho nikachomoa kadi ya chini, nikawasha tochi ya simu na kuchungulia ndani ya sloti. Vile vijino vya shaba vilianza vizuri, vikaenda, kisha kabla ya kufika nusu vikakoma. Kutoka hapo hadi mwisho ilikuwa plastiki tupu.

Naandika haya kwa sababu tangu siku hiyo wamenijia vijana wengine watatu na kosa lilelile, na hela ya mwanafunzi inaniuma ikipotea.

Ila kabla hatujafika kwenye mazabodi, kama hujanunua kadi hata moja, nunua moja yenye nguvu na uishie hapo. NVIDIA waliacha kuongeza gemu mpya kwenye orodha ya SLI kuanzia tarehe 1 Januari 2021, na RTX 4090 ya mwaka 2022 ilitoka haina hata mahali pa kuchomekea daraja. Tena kumbukumbu za kadi hazijumlishwi. Kadi mbili za GB 8 kila moja, kwenye gemu unabaki na GB 8. Kadi mbili zina maana kwa mtu ambaye tayari anayo moja, kapata pacha wake kwa bei nzuri, na anacheza gemu za miaka ile, mfano GTA V, ambayo SLI inaisaidia kwelikweli. Hakikisha pia kadi yenyewe inakubali. GTX 1070, 1080 na 1080 Ti zinakubali, GTX 1060 haikubali hata ufanyeje.

Haya, mazabodi.

Sloti ndefu tunaiita x16, lakini urefu ni ganda tu. Kinachobeba kazi ni njia za data zilizounganishwa humo ndani, na zinaweza kuwa 16, 8, 4 au hata moja. Prosesa za kawaida za Intel za kizazi cha 6 hadi cha 9 zinatoa njia 16 tu kwa ajili ya grafiki. Ukitaka kadi mbili, hizo 16 lazima zigawanywe nane kwa nane, na mazabodi ndiyo inayoamua kama zitagawanywa. Isipogawa, sloti ya kwanza inachukua zote 16, na ya pili inapewa njia nne zinazopitia kwenye chipuseti, ile chipu ya mazabodi yenyewe, ambako zinagombania nafasi na diski na USB. SLI inadai angalau njia nane kila sloti, na mazabodi iwe imeidhinishwa na NVIDIA. Njia nne inazikataa. CrossFire, mfumo wa AMD wa kazi hiyohiyo, inazikubali, na ndiyo sababu utaona maboksi mengi ya mazabodi yameandikwa CrossFire peke yake. Boksi likitaja CrossFire bila SLI, wewe mwenye kadi za NVIDIA lirudishe kwenye rafu.

Usidhani nane kwa nane ni unyonge. Njia hizi zinaitwa PCIe, na nane za PCIe ya kizazi cha tatu zinapitisha karibu GB 8 kwa sekunde, na kwa kadi za umri wa GTX 1070 hutaona tofauti kwa macho.

Kwa hiyo jina la chipuseti ndilo la kwanza kuuliza. Upande wa Intel tafuta zinazoanza na Z: Z170, Z270, Z370, Z390. Zile za B na H za vizazi hivyo hazigawi njia za prosesa. Upande wa AMD kwenye soketi ya AM4, X370 na X470 zinaweza kugawa. B350 na B450 hapana. B550 ni chache zinazogawa. Lakini herufi si kiapo. Zipo Z za bei ya chini ambazo sloti ya pili ni ya njia nne vilevile. Ingia tovuti ya aliyeitengeneza, shusha kitabu chake cha maelekezo, nenda kwenye jedwali la sloti. Unatafuta maandishi haya: x16/x0 au x8/x8, yaani kadi ikiwa moja inapata zote 16, zikiwa mbili kila moja inapata nane. Ukikuta x16/x4, funga kitabu. Hapohapo soma na maandishi madogo ya chini, maana kwenye mazabodi nyingine ukichomeka diski ya M.2 sehemu fulani, sloti fulani inazimika au inapungua njia.

Kama duka halina intaneti na muuzaji ana haraka, tumia tochi. Sloti ya njia nne, vijino vyake kwa kawaida vinakoma kabla ya nusu. Ya njia nane vinapita nusu kidogo. Ya njia 16 vimejaa mpaka mwisho. Chungulia ya kwanza, kisha ya pili, ulinganishe.

Wenye kadi za AMD msijione mmesalimika. Tangu R9 290X ya mwaka 2013, kadi kubwa za AMD hazitumii daraja la juu; mazungumzo yote kati ya kadi na kadi yanapita kwenye sloti zenyewe. Njia nne itakubali kuwaka, ila utaona gemu inakwama kwama.

Sasa chukua rula. Hili watu wengi wanaliruka, na kwa hali ya hewa yetu ndilo linaloua kadi. Nafasi moja ya sloti kwenye mazabodi ni milimita 20 na kidogo. Kadi nyingi za grafiki zinakula nafasi mbili, yaani sentimita nne. Pima kutoka katikati ya sloti ya kwanza ndefu hadi katikati ya ya pili ndefu yenye njia za kutosha. Ukipata sentimita nne, kadi zitagusana, na feni za kadi ya juu zitakuwa zimeziba pua kwenye mgongo wa kadi ya chini. Ukipata sita, kunabaki sentimita mbili za kupumulia. Nane ni bora zaidi. Mimi chini ya sita sifungi, hata mteja anibembeleze, kwa sababu hapa kwetu mwezi wa kumi na wa kumi na moja chumba chenyewe kinaweza kuwa nyuzi 30 na zaidi kabla hujawasha chochote, na vumbi la upepo wa kiangazi linajaa kwenye feni ndani ya wiki chache. Kwa sababu hiyohiyo achana na mazabodi fupi za mraba, za sentimita 24.4 kila upande. Chukua ATX kamili yenye sentimita 30.5 kwa 24.4, na upime kasha lako kama litaimeza. Kipimo hichohicho cha rula ndicho utakachonunulia daraja, maana madaraja hayo magumu hayanyooki wala hayakunjiki.

Umeme. Sloti moja inaruhusiwa kuvuta wati 75 kupitia mazabodi, kwa hiyo kadi mbili ni wati 150 zinazopita kwenye shaba za bodi hiyo. Baadhi ya mazabodi zina plagi ya ziada karibu na sloti kwa kazi hiyo; ukiiona, ichomeke. GTX 1070 mbili ni wati 300, ongeza prosesa, diski na feni. Pawasapulai ya wati 650 ya ukweli inatosha, mradi kila kadi ipate waya wake wa pini nane, si mmoja uliogawanywa. 1080 Ti ni wati 250 kila moja, hapo usishuke chini ya 850. Na stabilaiza iwepo.

Turudi kwa mwanangu. Prosesa yake ilikuwa i7-6700, ya kizazi cha 6, kwa hiyo tulihitaji Z170 au Z270. Muuzaji mmoja wa Kariakoo akamwambia anayo Z370, "soketi ni ileile ya 1151, itaingia." Kuingia itaingia. Kuwaka haiwaki, kwa sababu Z370 na Z390 ni za prosesa za kizazi cha 8 na cha 9 tu. Nikamnyang'anya simu, nikakataa kwa heshima. Siku ya pili tukapata Z170 ya mtumba kwa laki mbili na nusu kwa muuzaji mwingine, na kabla ya kutuma hela nikamwomba picha tatu kwa WhatsApp: ya soketi ikiwa wazi, imepigwa kwa ubavu ili pini iliyopinda ionekane, ya sloti zote mbili kwa juu, zimemulikwa, na ya maandishi ya modeli yaliyochapwa kwenye bodi yenyewe, kwa sababu boksi linaweza kuwa la bodi nyingine. Nikamwambia pia afunike soketi kwa kile kifuniko chake cha plastiki, mzigo unakuja na basi. Muuzaji anayekataa picha ya soketi, muage.

Mzigo ukafika stendi ya Nzuguni salama. Tukafunga jioni, tukaweka programu ya GPU-Z, ambayo ni ya bure. Ina mstari unaoonyesha njia zinazotumika. Kadi ikiwa imepumzika utaona inasoma kizazi cha 1.1, usishtuke, inajibana umeme. Bonyeza alama ya kuuliza iliyo pembeni, ipe kazi kidogo, ndipo usome. Kadi ya juu ikasoma x8 3.0. Ya chini ikasoma x4.

Mwanangu akanyamaza, macho kwenye kioo. Nikazima, nikachomoa ile ya chini, nikaigeuza kwenye taa. Meno yake ya dhahabu yalikuwa na utando wa kahawia upande mmoja, vumbi lililoshikana na mafuta ya vidole. Nikalowesha kitambaa kisicho na nyuzi kwa spiriti, nikafuta upande huu na upande ule, nikapuliza sloti kwa blowa, nikasubiri ikauke. Nikairudisha kwa mikono miwili mpaka kile kishikizo cha mwisho kikalia, nikakaza skrubu ya kasha ili kadi isilale.

Tukawasha. x8 juu, x8 chini, na kwenye paneli ya NVIDIA sehemu ya SLI ikawa imekaa mahali pake. Akacheza hadi saa nne usiku pale dukani, feni ya ukuta ikimpulizia, mimi nikiangalia joto: kadi ya juu nyuzi 78, ya chini 69.