Tasnifu ya Kiswahili kwenye Word: kuanzia faili tupu hadi nakala ya kujalidi

Tasnifu inaweza kupita mikononi mwa msimamizi na watahini wote, kisha ikakwama mezani kwa anayekagua pambizo na namba za kurasa. Mara nyingi chanzo ni kimoja: mwanafunzi aliandika kurasa mia kwanza, ndipo akaanza kuzipanga. Mwongozo huu unafuata njia ya pili: mifupa kwanza, nyama baadaye. Unamlenga hasa anayeandika tasnifu ya uzamili kwa Kiswahili, katika programu ya Word. Majina ya vitufe yameandikwa kama yanavyosomeka kwenye skrini.

Kabla ya yote, chukua mwongozo wa uandishi wa chuo chako, toleo la sasa. Usitumie tasnifu ya rafiki aliyehitimu miaka mitano iliyopita kama kigezo, maana utarithi na makosa yake. Vipimo vilivyomo humu ni vile vya kawaida. Mwongozo wa chuo ukisema tofauti, ufuate huo.

Hatua ya 1: Nyosha uzi kwenye karatasi

Usifungue kompyuta bado. Chora jedwali la safu nne: lengo mahususi, swali la utafiti, data na mbinu, sehemu ya Sura ya Nne (sura ya matokeo). Kila mstari usomeke kutoka kushoto hadi kulia bila kukatika.

Tuchukue mada hii: *Misimu katika Mazungumzo ya Makondakta wa Daladala Jijini Dar es Salaam*. Malengo mahususi yawe matatu: kubainisha misimu (maneno ya mtaani) inayotumika, kufafanua njia zilizotumika kuiunda, na kueleza dhima yake kituoni na ndani ya gari. Maswali nayo ni matatu, kwa mpangilio uleule: ni misimu ipi, imeundwa vipi, ina dhima gani. Sura ya Nne itakuwa na 4.2 kwa lengo la kwanza, 4.3 kwa la pili na 4.4 kwa la tatu. Hitimisho la Sura ya Tano litajibu maswali hayo matatu, kwa zamu ileile.

Hapa ndipo tasnifu nyingi huvunjika. Utakuta malengo matatu, maswali manne, na Sura ya Nne yenye vichwa sita ambavyo havijulikani vinajibu nini. Kosa jingine ni lengo la nne linalosema "kupendekeza njia za kuboresha..." ilhali hakuna data yoyote iliyokusanywa kwa ajili yake. Mapendekezo huzaliwa na matokeo, na mahali pake ni Sura ya Tano. Epuka pia vitenzi visivyopimika kama *kujua* na *kuelewa*. Tumia *kubainisha*, *kuchanganua*, *kulinganisha*, *kutathmini*.

Hatua ya 2: Ukurasa wenyewe

Fungua faili mpya. Nenda Layout, kisha Size, uchague A4. Usidhani tayari iko hivyo, kwa sababu kompyuta nyingi huanza na Letter, yenye sentimita 21.59 kwa 27.94, ilhali A4 ni 21 kwa 29.7. Ukigundua siku ya kuprinti, kila ukurasa utahama na orodha ya yaliyomo itasema uongo.

Pambizo: kushoto sentimita 4, juu, chini na kulia sentimita 2.5. Ule upana wa kushoto ni wa kujalidi. Gamba gumu hula karibu sentimita moja, na bila nafasi hiyo maneno ya mwanzo wa mstari yatazama kwenye mshono.

Sasa nenda Review, Language, Set Proofing Language, uchague Kiswahili kama kipo kwenye orodha. Kama hakipo, weka tiki kwenye Do not check spelling or grammar. Usipofanya hivyo, Word itadhani unaandika Kiingereza kibovu na kukupigia mistari myekundu ukurasa mzima, hadi makosa halisi ya tahajia yasionekane.

Jihadhari na masahihisho ya kujiendesha: ukiorodhesha (a), (b), (c), hiyo ya tatu hugeuka kuwa alama ya hakimiliki, ©. Bonyeza Ctrl+Z papo hapo irudi, au ifute kwenye File, Options, Proofing, AutoCorrect Options.

Hatua ya 3: Mitindo, si kukoleza kwa mkono

Ukichagua maneno, ukayakoleza na kuyakuza, jicho lako litaona kichwa cha habari. Word haioni. Kwake hiyo ni aya yenye wino mzito, na haitaingia kwenye yaliyomo. Kwa hiyo kila kichwa kipewe mtindo: Ctrl+Alt+1 kwa jina la sura (Heading 1), Ctrl+Alt+2 kwa vichwa vya 1.1, Ctrl+Alt+3 kwa 1.1.1. Ukijikuta unahitaji ngazi ya tano, tatizo liko kwenye mpangilio wa hoja.

Bofya kulia jina la mtindo, chagua Modify, uweke Times New Roman, ukubwa 12, rangi nyeusi. Mtindo wa Normal uwe na nafasi ya mstari mmoja na nusu au miwili, kadiri chuo kinavyotaka. Kwa Heading 1 nenda Format, Paragraph, Line and Page Breaks, uweke tiki kwenye Page break before. Kila sura itaanza ukurasa mpya yenyewe, bila wewe kupiga Enter mara kumi na tano. Hizo Enter ndizo zinazofanya Sura ya Tatu ianzie katikati ya ukurasa ukiongeza sentensi mbili tu kwenye Sura ya Pili.

Baada ya kuandika SURA YA KWANZA bonyeza Shift+Enter, si Enter, ndipo uandike UTANGULIZI chini yake. Ukitumia Enter, yaliyomo yatakuwa na maingizo mawili kwa sura moja.

Namba za vichwa zinahitaji ujanja kidogo, kwa kuwa Word haijui kuhesabu "ya kwanza, ya pili". Nenda Home, kitufe cha Multilevel List, Define New Multilevel List, kisha More. Ngazi ya 1 iunganishe na Heading 1, halafu futa namba iliyomo kwenye kisanduku cha Enter formatting for number. Ngazi ya 2 iunganishe na Heading 2 na uiache isome 1.1, ya 3 na Heading 3. Sasa "SURA YA NNE" unaiandika kwa maneno, na vichwa vyake vinajihesabu 4.1, 4.2. Ukihamisha sehemu, namba zinafuata.

Hatua ya 4: Kurasa za mwanzo

Mpangilio uliozoeleka ni: ukurasa wa jina, ithibati ya msimamizi, tamko la mtahiniwa pamoja na hakimiliki, tabaruku, shukurani, ikisiri, yaliyomo, orodha ya majedwali, orodha ya vielelezo, vifupisho. Vyuo hutofautiana kwa majina, wengine husema *uthibitisho* na *ikirari*, na pia kwa mfuatano.

Kwenye ukurasa wa jina soma vizuri ile sentensi ya masharti. Aliyesoma kozi kisha akaandika tasnifu, anaiwasilisha kutimiza *sehemu ya masharti* ya shahada. "Sharti pekee" ni kwa shahada ya utafiti mtupu. Wanaonakili kwa wenzao huanguka hapa.

Ikisiri iwe aya moja, isiyozidi ukurasa mmoja, bila marejeleo: lengo kuu, eneo na watoataarifa, mbinu, nadharia, kisha matokeo. Nusu nzima iwe matokeo. Iandike mwisho wa kazi yote.

Vichwa hivi visipewe Heading 1, la sivyo vitahesabiwa kama sura na Sura ya Kwanza itajikuta na 10.1. Tengeneza mtindo wake, na kwenye Paragraph uweke Outline level kuwa Level 1. Utaingia kwenye yaliyomo bila kugusa hesabu.

Namba za kurasa: weka kishale mwisho wa kurasa za mwanzo, nenda Layout, Breaks, na chini ya Section Breaks chagua Next Page. Bofya mara mbili chini ya ukurasa wa kwanza wa Sura ya Kwanza, zima Link to Previous, kisha Page Number, Format Page Numbers, chagua 1, 2, 3 na Start at 1. Rudi sehemu ya mwanzo uchague i, ii, iii. Ukurasa wa jina huhesabiwa lakini hauonyeshi namba, kwa hiyo weka tiki kwenye Different First Page. Usipoweka Start at 1, Sura ya Kwanza itaanzia ukurasa wa 14. Usipozima kile kiungo, ukifuta namba upande mmoja imefutika na mwingine.

Hatua ya 5: Kinachokaa ndani ya sura

Sura ya Kwanza ina usuli, tatizo la utafiti, malengo, maswali, umuhimu, mawanda. Tatizo ndilo gumu. Kusema kwamba misimu inaharibu Kiswahili ni malalamiko ya jamii. Tatizo la utafiti ni kile ambacho watafiti waliotangulia hawajakijibu. Aya tatu zinatosha: nini kinajulikana, nini hakijulikani, kuna hasara gani kisipojulikana. Mawanda ni mipaka uliyojiwekea. Vikwazo ni yaliyokukuta uwandani. Usivichanganye.

Sura ya Pili ipangwe kwa mada. Dalili ya mapitio dhaifu ni kila aya kuanza na jina la mtu na mwaka, kama daftari la mahudhurio. Kundi la maandiko likimalizika, sema linaacha pengo gani. Kwa nadharia, eleza ile mihimili tu utakayoitumia. Nadharia inayotajwa Sura ya Pili na kusahaulika Sura ya Nne ni swali la kwanza la mtahini.

Sura ya Tatu inataka hesabu. "Baadhi ya makondakta walihojiwa" haisemi kitu. Taja wangapi, vituo vipi, walipatikanaje, kwa nini hao na si wengine, rekodi zina saa ngapi, zilinukuliwaje. Vibali navyo viwe mkononi kabla ya kwenda uwandani: Tanzania ni barua ya chuo inayokupeleka kwenye ofisi ya mkoa na wilaya, Kenya ni leseni ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu. Nakala zake huwekwa kwenye viambatisho, majina na namba za simu za watoataarifa zikiwa zimefichwa.

Kisha kuna uchafu wa pendekezo. Pendekezo la utafiti lilisema "data zitakusanywa", tasnifu inasema "data zilikusanywa". Wengi hunakili sura tatu za pendekezo na kuacha -ta- zimetapakaa. Tumia Ctrl+F kuzisaka, ila usitafute "uta" peke yake, maana neno *utafiti* lenyewe litakujia mara mia. Tafuta "utatumi", "zitakusany", "watahoji", "utafanyik".

Hatua ya 6: Majedwali na vielelezo

Bofya jedwali, nenda References, Insert Caption, New Label, uandike Jedwali. Fanya hivyo kwa Kielelezo pia. Anwani ya jedwali hukaa juu yake, ya kielelezo chini yake. Orodha zake utazipata kwa Insert Table of Figures. Ukilitaja jedwali ndani ya aya, tumia Cross-reference badala ya kuandika namba kwa mkono, na epuka "jedwali lifuatalo", kwa kuwa likisukumwa ukurasa mwingine halifuati tena. Jedwali refu lipewe Repeat Header Rows. Ndani ya maelezo andika *asilimia 62.5*, alama ya % ibaki kwenye jedwali. Na usirudie kwa maneno kila kilichomo jedwalini. Mtahini ana macho, anachotaka ni maana yake.

Hatua ya 7: Marejeleo

Tumia Zotero au Mendeley, programu za kutunza marejeleo, tangu siku ya kwanza. Kasoro ya programu hizi kwa mwandishi wa Kiswahili ni kwamba huleta "et al.", "&" na "p." ndani ya sentensi yako. Usizirekebishe mojamoja njiani, zitajirudisha. Kazi ikikamilika, hifadhi nakala ya pili ya faili, bonyeza Unlink Citations kwenye Zotero, kisha badilisha kwa Replace: "na wenzake", "na", "uk.".

Kwa mtindo wa marejeleo wa APA (American Psychological Association), nukuu ya maneno 40 au zaidi hujitenga kama aya yake, imesogezwa ndani sentimita 1.27, bila alama za mtajo. Uliyoitafsiri mwenyewe iandikwe *tafsiri ya mtafiti*. Taasisi ibaki na jina lililochapishwa kwenye kitabu: chapisho la TUKI (Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili) halihamishiwi TATAKI (Taasisi ya Taaluma za Kiswahili) kwa sababu tu taasisi ilibadilika mwaka 2009. Mwisho, pitia orodha na matini kwa pamoja. Kila aliyetajwa awemo, na ambaye hakutajwa atolewe.

Hatua ya 8: Siku ya kuprinti

Bonyeza Ctrl+A, kisha F9, na ukiulizwa chagua Update entire table. Halafu tafuta neno "Error!" katika faili zima. Hujitokeza pale jedwali ulilolirejelea limefutwa, na huprintiwa hivyohivyo katikati ya aya bila haya. Kama uliwahi kurekebisha yaliyomo kwa mkono, marekebisho hayo yamekwisha futika. Rekebisha kichwa chenyewe ndani ya sura.

Hifadhi kama PDF na uipeleke hiyo steshenari, si faili la Word. Kompyuta ya pale inaweza kuwa na toleo jingine la programu au kukosa fonti yako, na mistari ikihama, kurasa zote zinahama. Printi kurasa kumi kwanza: ya jina, ya yaliyomo, ya kwanza ya kila sura, na zenye majedwali mapana. Linganisha namba zake na yaliyomo. Pima pambizo la kushoto kwa rula. Kwenye dirisha la kuprinti hakikisha imechaguliwa Actual size, kwani Fit hupunguza ukurasa na sentimita zako 4 zinakuwa pungufu. Saini za ithibati na tamko ziwekwe kabla karatasi hazijaenda kwa fundi wa kujalidi.