SOMO: Jemu tyubu na kutambua yisti. Soma hii kwanza kabla hujanitumia picha inboksi

Wasee wa maabara, hamjambo. Jemu tyubu ni mrija mdogo ambao yisti ya Candida albicans hutoa ikiwekwa kwa seramu (majimaji ya damu yasiyo na seli), na ndio kipimo cha haraka cha kuitambua. Kila wiki kuna mtu ananitumia picha yenye ukungu, amepiga na simu juu ya maikroskopu, ananiuliza "boss, hii ni albicans ama siyo?" Bila kusema ni sampuli gani, koloni ni ya siku ngapi, wala seramu alitoa wapi. Nimechoka kujibu mmoja mmoja, kwa hivyo naandika hapa mara moja, ukiniuliza tena nakutumia linki basi.

Hatua 1. Hakikisha ni yisti. Piga rangi ya Gram kwa slaidi. Inashika zambarau, ni kubwa kuliko staf (bakteria wa duara), na chache utakuta zina chipukizi.

Hatua 2. Tumia koloni freshi ya masaa 24 kwa Sabouraud (agari ya kuoteshea fangasi). Kama imechanganyika na bakteria au yisti mbili, rudi uipande upya.

Hatua 3. Weka nusu mililita ya seramu kwa tyubu ndogo. Seramu ya ndama ni sawa. Ya binadamu lazima iwe imepimwa virusi vya ukimwi na hepataitisi, si ati umemtoa damu mwenzako wa zamu ukaenda nayo. Igawe kidogo kidogo uigandishe, usiwe unayeyusha chupa nzima kila siku.

Hatua 4, na hapa tulia usome pole pole. Gusa koloni kidogo tu na ncha ya lupu, seramu iwe na ukungu mwepesi sana. Watu wanachota yisti kama wanapima unga wa ugali, wakidhani ikiwa nyingi itaonekana haraka, kumbe seli zikijazana zinazuiana na hazioti, unaandika negativu na ni albicans kabisa. Halafu kuna saa. Inkubeta digrii 37, masaa mawili, mwisho matatu. USIPITISHE MATATU. Ukiweka saa sita halafu uende kula chapo madondo, ukutane na mtu pale nje mpige stori, urudi saa kumi, hiyo tyubu mwaga. Tropicalis, Candida nyingine, nayo ikiachwa muda mrefu inaanza kurefuka na kutoa hifa bandia (seli ndefu zilizoshikana kama mnyororo), na kwa jicho la mtu mwenye haraka zinafanana. Andika saa uliyoweka kwenye tyubu yenyewe, si kichwani. Na stima ikipotea katikati usijaribu kukadiria, inkubeta imeshapoa, anza upya.

Hatua 5. Tone moja kwa slaidi, kavaslipi, lenzi ya 40. Unatafuta mrija mwembamba, upana kama nusu ya seli, unaotoka moja kwa moja kwa seli mama. Angalia pale unapoanzia: jemu tyubu ya kweli haina kiuno. Ukiona pamebanwa pale chini, hiyo ni hifa bandia, hata iwe ndefu namna gani.

Hatua 6. Kontroli mbili kila siku unayofanya: albicans inayojulikana na tropicalis inayojulikana. Bila hizo huna jibu, una maoni.

Ikitoka positivu, andika albicans au dubliniensis, maana hii ya pili, iliyoelezwa 1995 huko Dublin, pia inatoa mrija. Ukitaka kuzitenga, jaribu kuiotesha kwa digrii 45, albicans kwa kawaida inaota na dubliniensis haioti. Ikitoka negativu kazi ndiyo inaanza, wala haimaanishi si albicans, kuna chache, kama 5 kwa 100, ambazo hazitoi mrija. Peleka kwa CHROMagar (agari inayozipa Candida rangi tofauti) masaa 48: albicans kijani, tropicalis bluu ya chuma, krusei pinki iliyopauka yenye uso mkavu mkavu. Krusei ukiitambua pigia wodi simu, dawa ya flukonazo haiiwezi kiasili.

MASWALI

Kevo wa Umoja: Boss kwangu imetoka positivu, so naripoti albicans?

Jibu: Kontroli zako zilitokaje?

Kevo wa Umoja: Sikuweka, seramu ilikuwa imebaki kidogo

Jibu: Basi hujafanya kipimo. Soma hatua ya 6.

Shiru_Maikro: Samahani, nimesoma mara mbili. Seramu ikiisha kabisa na oda haijafika, kuna kitu kingine kinaweza kusaidia? Niliskia mtu akisema ute wa yai nikadhani ni mzaha.

Jibu: Si mzaha madam, swali zuri sana. Ute mweupe wa yai unafanya mrija utoke, watu wameujaribu na ukafanya kazi. Ila usianze kuripoti wagonjwa nao kesho. Uweke sambamba na seramu kwa yisti ambazo tayari unazijua, ukiona zinakubaliana kila mara ndio uandike kwa utaratibu wenu na msimamizi asaini. Mayai ya kibanda ni sawa, ilmradi freshi na uchukue ute kwa usafi.

Daktari_Mtarajiwa: Haya mambo ya tyubu ni ya zamani, si kuna mashine ya MALDI-TOF ya kutambua vijidudu siku hizi?

Jibu: Ipo. Nunua uniletee moja, nitaifungulia mlango. Kwa sasa wengi hapa wana inkubeta na maikroskopu, na tyubu inakupa jibu kabla ya lanchi.

Mama Tiffany: Na hii Candida auris wanayoongea, tyubu itaionyesha?

Jibu: Haitakuonyesha dada, itatoka negativu tu, na ndio maana nilisema negativu si mwisho. Ilielezwa 2009 kutoka sikio la mgonjwa Japani, na huku Kenya imeshapatikana. WHO 2022 waliiweka kundi la juu kabisa la fangasi wa kuangaliwa. Shida ni kwamba mashine zenye laibrari ya zamani zinaiita haemulonii (Candida nyingine), kwa hivyo mashine ikikuambia haemulonii kutoka damu ya mgonjwa wa ICU, usiamini haraka. Jaribu kuiotesha kwa digrii 42, auris inaota vizuri, lakini hiyo peke yake haitoshi, tuma maabara ya rufaa. Na mezani futa na klorini, Jik iliyopimwa vizuri, kuna dawa nyingi za kufutia sakafu ambazo haziigusi.

Kevo wa Umoja: Na ya uti wa mgongo pia naweka seramu?

Jibu: Hapana Kevo. Yisti ya duara kwa maji ya uti wa mgongo unafikiria kriptokokasi kwanza, yisti inayoleta homa ya uti wa mgongo. Wino wa India utafute kapsuli (ganda linalozunguka seli), kipimo cha yuriasi kinageuka pinki, na fanya CrAg (kipimo cha antijeni ya kriptokokasi) hata kama wino ni negativu, kwa sababu wino unakosa wengi.

Shiru_Maikro: Nyongeza tu, kona mili agari yetu (agari ya mahindi) iliisha tukatengeneza na unga wa mahindi na klamidospora (zile spora za duara zenye ganda nene za albicans) zikaonekana!

Jibu: Safi kabisa! Wengine wachukue: unga gramu 40 kwa lita, chemsha, chuja kwa kitambaa, agari gramu 15 hadi 20, Tween 80 (kimiminika kama sabuni) mililita 10, halafu otokleivu. Kwaruza mistari mwepesi, funika na kavaslipi, iache kwa digrii 25 siku mbili tatu, si 37, kwa 37 klamidospora hutaziona.

Shiru_Maikro: Hiyo Tween inabaki kwa pipeti nusu nzima, inakasirisha

Jibu: Ni nzito. Ipashe joto kidogo kwa maji moto kwanza, au pima gramu kwa mizani badala ya mililita, kumi na kidogo hivi.