Kusoma pakiti za vitafunio ukiwa na mzio wa alfa-gali

Nimeandika haya baada ya kuzunguka madukani na mpwa wangu, aliyerudi Nairobi kutoka Virginia na mzio huu. Huko Marekani aliumwa na kupe, yule ambaye jike lake lina doa jeupe mgongoni. Tangu hapo mwili wake unaikataa alfa-gali, sukari iliyomo katika nyama ya ng'ombe, mbuzi, kondoo na nguruwe. Kuku, samaki na mayai anakula.

Hatua ya 1. Muulize daktari kuhusu maziwa kabla ya kwenda dukani. Wenye mzio huu wengine huyavumilia, wengine hapana.

Hatua ya 2. Ondoa vilivyo wazi. Jelatini imo katika pipi nyingi laini za kutafuna, mashimelo na baadhi ya yogati. Ukiona "lard" ni mafuta ya nguruwe, "tallow" ni ya ng'ombe au kondoo. Rudisha rafuni.

Hatua ya 3. Tafuta E471, yaani monogliseridi na digliseridi, kiongezwa kinachosaidia mafuta na maji kuchanganyika. Hapa ndipo saa huyeyuka. Imejaa kwenye biskuti, keki, mkate na aiskrimu, na huweza kutengenezwa kwa mafuta ya mawese au ya mnyama bila pakiti kusema ni yapi. Mstari wa tahadhari ya mzio hautakusaidia: unataja maziwa, karanga, soya, ngano, lakini nyama haimo. Nembo ya halali nayo inakuondolea nguruwe tu; jelatini ya ng'ombe aliyechinjwa kihalali ni halali, na bado inaweza kukulaza kitandani.

Mimi naanzia kwenye bidhaa za India, kama zile za maduka ya Diamond Plaza kule Parklands. Sheria ya India inataka vyakula vya pakiti vinavyouzwa huko viwe na alama: nukta ya kijani ndani ya mraba wa kijani maana yake hakuna nyama wala jelatini, ingawa maziwa yanaruhusiwa. Chevda yenye nukta hiyo inanitosha kuliko programu yoyote ya kuskani msimbopau. Nikitafuta kwenye programu hizo bidhaa za viwanda vya hapa, mara nyingi sizikuti.

Pakiti ikikosa alama hiyo, mwandikie mtengenezaji. Usiulize kama kuna nyama, utajibiwa haraka kwamba hakuna. Uliza hivi: "E471 na ladha mlizotumia zinatokana na mmea au mnyama? Kama ni mnyama, ni yupi?" Krispi za ladha ya nyama choma zinahitaji swali hilohilo, kwani huenda ni viungo vitupu, huenda sivyo. Wasipojibu, usinunue.

Hatua ya 4. Usipime kwa kuonja. Mzio huu huchelewa, kwa kawaida saa 2 hadi 6 baada ya kula. Ulichokula saa mbili usiku kinaweza kukuamsha saa saba, nawe ukalaumu chai.

Hatua ya 5. Piga picha orodha ya viambato ya kila pakiti iliyofaulu hatua hizi, uilinganishe ukinunua tena. Jina likiwa lile lile lakini nchi ya kutengenezwa imebadilika, anza upya hatua ya 2.