Maji ya moto kwa jua, nyumbani Nyegezi

Ukitaka kupumzisha hita ya umeme, anza na hesabu. Kupasha lita 200 kutoka nyuzi joto 25 hadi 55 hula kama yuniti 7 za umeme wa LUKU. Kwetu tuko watano, na mama mkwe hagusi maji ya baridi. Lita 200 zinatutosha.

Mwambie fundi aelekeze paneli, yaani ile safu ya mirija ya kioo inayopasha maji juani, kaskazini, maana Mwanza tuko kusini kidogo ya ikweta, na aiinamishe nyuzi 10 hadi 15 ili mvua ioshe vumbi. Tangi likae juu ya paneli: maji yakipata moto hupanda yenyewe, bila pampu.

Hapa sasa uwe makini. Huku mlimani maji ya bomba hukatika. Mirija ya kioo ikikauka juani, kisha maji baridi yakaingia ghafla saa saba mchana, hupasuka. Nilipoteza mirija mitatu hivyo, na iliniuma sana. Weka simtanki juu ya mfumo mzima. Mirija ikikauka, ngoja alfajiri ndipo ufungulie.

Bomba za maji ya moto ziwe za PPR, plastiki inayostahimili joto, zivishwe sponji. Hita ya zamani usiing'oe, itakufaa siku za mawingu ya masika.