Tamasha la Mchana: Jinsi ya Kuandaa Ngoma, Sanaa na Miti Nairobi Bila Kuacha Taka

Kazi yangu ni sauti. Nilianza kwa kubeba nyaya na spika kwenye harusi za Kawangware. Siku hizi nashika miksa na pia nasimamia maandalizi ya tamasha dogo upande wa Dagoretti: watu mia tano hivi, bendi nne, wachoraji, mafundi wa vyuma, na matembezi ya asubuhi ya kutazama ndege. Wanaonipigia simu kuuliza tunafanyaje uwanja ubaki safi huanza na mapipa: yawe mangapi, ya rangi gani. Mapipa ni jambo la mwisho. Taka za tamasha huamuliwa mapema, siku unapochagua saa, uwanja, na vitu utakavyoruhusu vipite langoni. Basi nitafuata mpangilio huo.

Anza na saa

Tamasha lako liwe la mchana. Lifunguliwe saa nne asubuhi, lifungwe saa moja na nusu jioni. Uamuzi huu mmoja utakuokolea mengi kuliko kifaa chochote utakachonunua.

Kanuni za kelele za mwaka 2009 zinahesabu usiku kuanzia saa mbili. Kabla ya hapo, kiwango kinachoruhusiwa nje ya nyumba katika mitaa ya makazi ni desibeli 50. Baada ya hapo kinashuka hadi 35, ambayo ni karibu na mnong'ono. Hata mchana bendi itapita 50, kwa hiyo leseni ya kelele lazima uombe. Lakini kuomba leseni ya mchana ni mazungumzo tofauti kabisa na kuomba ya usiku.

Halafu jua. Nairobi linazama karibu saa kumi na mbili na nusu mwaka mzima, kwa hiyo utahitaji taa kwa saa moja tu. Zile taa za zamani za jukwaani hula wati 1000 kila moja. Za LED zinakula sehemu ndogo tu ya hapo, na mchana taa hazihitajiki kabisa.

Na matatu. Mtu akijua atatoka kukiwa bado na magari ya 46 na 111, ataacha gari lake nyumbani. Tamasha la kuisha saa nane za usiku linamlazimisha kila mtu aje na gari au aite teksi, na moshi wa safari hizo unaweza kuzidi kila kitu utakachookoa uwanjani.

Kuhusu mwezi: Januari, Februari, au Julai hadi Septemba. Kuanzia Machi hadi Mei ni masika, na Oktoba hadi Desemba ni vuli. Nyasi zilizolowa zikikanyagwa na watu mia tano haziinuki, zinageuka tope. Julai kuna baridi ya kweli, kwa hiyo waambie watu waje na sweta na shuka, na utafute mama wa uji mapema. Uji wa wimbi Julai huisha kabla ya bendi ya pili.

Uwanja, na kwa nini si msituni

Kila mwaka kuna anayependekeza tupeleke jukwaa Karura au Arboretum. Naelewa. Miti ya pale inamwita mtu. Lakini mimi sipeleki spika msituni. Karura tunayo leo kwa sababu Wangari Maathai na wenzake walisimama kuitetea, na Januari 1999 walipigwa walipokwenda kupanda miti pale. Kima na ndege walio ndani hawana pa kuhamia kwa siku moja ili sisi tucheze. Nenda nao watu wako kwa miguu, asubuhi, mikono mitupu. Na kumbuka kwamba tangu tarehe 5 Juni 2020 chupa, vikombe, sahani na mirija ya plastiki ya kutumia mara moja haviruhusiwi katika misitu na hifadhi za taifa.

Ngoma ipeleke mahali palipozoea kelele: uwanja wa mpira, uwanja wa shule wakati wa likizo, uwanja wa soko. Tafuta ulio kando ya barabara ya matatu, wenye maji ya mfereji na waya wa Kenya Power karibu. Kwa upande wa ndege, Nature Kenya, chama kilichoanzishwa mwaka 1909, hufanya matembezi kila Jumatano asubuhi kuanzia Makavazi ya Taifa. Nenda utembee nao. Utajifunza kuongoza kundi bila kupiga kelele, na utapata watu wanaojua ndege kwa sauti.

Vibali anza miezi miwili kabla: kaunti, OCS (mkuu wa kituo cha polisi), hakimiliki ya muziki, na huduma ya kwanza. Huo ni mzunguko wa ofisi, sina zaidi la kuongeza, ila weka nakala za kila barua.

Majirani ndio wanaohitaji muda. Pita na mzee wa Nyumba Kumi, mlango kwa mlango, ukiwa na karatasi yenye saa na namba ya simu itakayojibiwa siku hiyo. Shosho mmoja anayeishi ukutani mwa uwanja wetu aliniambia, "Mwanangu, ngoma sikatai. Kuimba naimba hata mimi. Ni ile *dufu dufu* inayotingisha vikombe kwenye kabati." Alikuwa amenieleza fizikia yote ya sehemu inayofuata.

Sauti inayobaki uwanjani

Mahali pa wazi, sauti ya spika hupungua kama desibeli 6 kila umbali unapoongezeka mara mbili. Ukiweka mnara mmoja wa spika jukwaani ili mtu aliye mita 60 asikie vizuri, walio mbele wataumia masikio, na sauti itaendelea mpaka kwenye vyumba vya watu. Tumia spika ndogo zilizogawanywa. Jozi moja jukwaani, jozi nyingine mita 25 mbele katikati ya watu, zote kwa sauti ya chini. Sauti husafiri kama mita 343 kwa sekunde, kwa hiyo jozi ya pili icheleweshe milisekunde 73, kisha ongeza kama 10 ili sikio liamini kwamba mwimbaji yuko jukwaani. Ziinamishe zitazame watu, zisitazame paa za nyumba.

Besi ndiyo inayovuka kuta. Haifuati uso wa spika, inaenda pande zote. Katika kila spika tatu za besi, moja igeuze itazame nyuma ya jukwaa, igeuzie polariti (chanya iwe hasi) na uicheleweshe kidogo. Mawimbi ya nyuma yatauana. Fanya hivyo na mtu wa pili akisimama nyuma ya jukwaa akikupigia simu: unarekebisha mpaka akuambie imekufa. Kisha tembea mwenyewe hadi kwenye ukuta wa jirani, usikilize ukiwa pale. Programu ya simu ya kupima desibeli haitoshi mahakamani, lakini inatosha kukuonyesha kama unapanda au unashuka.

Kuna jambo la ibada pia. Jumamosi kuna Wasabato, Jumapili kuna makanisa mengine yote, na uwanja wa mtaa haukosi kanisa la mabati kando yake. Sisi tumepanga kwamba hadi saa saba hakuna kinachochomekwa kwenye umeme. Ni ala za asili tu: nyatiti, orutu, wandindi, litungu, kayamba. Watu wanakaa chini kwenye mikeka, karibu. Sehemu hiyo ndiyo ninayoipenda kuliko zote, mimi mtu wa spika. Watoto wanasogea hadi kwenye goti la mpigaji na kutazama vidole.

Umeme

Watu wakisikia tamasha la kijani wanawaza paneli za jua. Nchi hii karibu asilimia 90 ya umeme wake hutoka kwenye mvuke wa ardhini wa Olkaria na kwingineko, mabwawa, upepo na jua. Waya wa Kenya Power ni safi kuliko jenereta yoyote ya dizeli utakayokodi. Omba kuunganishwa, mlipe fundi mwenye leseni, zika waya au uupitishe juu.

Umeme wa Nairobi hupotea, kwa hiyo weka betri ya akiba. Hesabu si ngumu. Spika iliyoandikwa wati 1000 haili wati 1000. Kwa muziki wa kawaida wastani wake ni kama moja ya nane. Jukwaa dogo lenye spika, miksa na vikuza sauti vya magitaa huwa na wastani wa wati 800. Kwa saa sita na nusu, kuanzia saa saba hadi mwisho, ni kilowati-saa 5.2. Betri ya lithiamu ya kilowati-saa 5 na inveta yake zitakuvusha kwa saa tano hivi umeme ukikatika, mradi asiwepo anayechomeka birika. Birika moja la umeme linakula wati 2000. Chai ichemshwe kwa gesi au jiko la makaa lililoboreshwa, mbali na waya wa jukwaa.

Langoni

Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku tangu tarehe 28 Agosti 2017, kwa hiyo hilo tumeshalizoea. Kinachojaza uwanja leo ni chupa za maji, vikombe vya kutupa, na vile visahani vyeupe vya povu. Usipange kuvikusanya. Usiviruhusu viingie.

Kila mwenye kibanda atie saini ukurasa mmoja: hauzi maji ya chupa, haleti sahani zake za kutupa, halipi kodi ya kibanda kamili ila anaacha amana anayorudishiwa eneo lake likikaguliwa. Wadhamini vilevile. Kuna atakayekuja na katoni mia za maji ya bure zenye nembo yake. Mshukuru, umwombe alipie tangi badala yake, aandike jina lake pale.

Maji: lita 2 kwa mtu, kwa watu 500 ni lita 1000, yaani tangi moja. Mimi huweka mawili, na mabomba manne kila moja.

Sahani usinunue. Kila mtaa una chama cha akina mama kinachokodisha sahani, vijiko na sufuria za harusi na matanga. Wanajua kuhesabu, wanajua kuosha kwa haraka, na sahani ziko tayari. Wakodishe pamoja na kazi yao, na uwalipe vizuri. Beseni tatu: la sabuni, la kusuuza, la maji yenye klorini. Maji machafu yapite kwenye chujio la chandarua, kisha kwenye shimo la migomba.

Vikombe ni vya bati, kwa amana ya shilingi 100. Ongeza hiyo mia kwenye bei ya tiketi kupitia M-Pesa, lakini urudishe kwa noti, kwa sababu kumtumia kila mtu mia moja mwisho wa siku ni foleni isiyoisha. Tembelea benki mapema upate mia mia. Anayeleta kikombe chochote anapewa mia, awe ndiye aliyekikodi au la. Kikombe kilichosahauliwa chini ya mti hakikai dakika tano. Watoto wa mtaa wanakiona kabla yako.

Chakula kiwe kile ambacho tayari kinakuja bila makaratasi. Mahindi choma hutolewa kwenye ganda lake. Githeri, mukimo na chapo madondo vinakwenda kwenye sahani. Mutura hukatwa ubaoni, unakula umesimama pale pale.

Sasa mapipa. Sheria ya usimamizi endelevu wa taka ya mwaka 2022 inataka taka za kuoza zitengwe na nyingine, kwa hiyo pipa la kwanza ni la mabaki na maganda, la pili ni la vilivyosalia. Simamisha mtu kando ya kila jozi. Pipa lisilo na mtu huchanganywa ndani ya nusu saa. Wanaofanya kazi hiyo kwetu ni vijana wanaokusanya taka mtaani. Wanalipwa kama mafundi wa jukwaa, wanakula chakula kile kile, na wana glavu na gambuti. Dampo la Dandora lilitangazwa kujaa mwaka 2001 na bado linapokea. Kila gunia ambalo hukulitoa uwanjani mwako ni gunia ambalo mtoto wa Dandora halivuti moshi wake.

Vyoo: vikavu, maranda badala ya maji, kimoja kwa watu 60, na vya wanawake viwe mara mbili ya vya wanaume. Usibane pesa hapa.

Sanaa na miti

Waite wasanii wiki moja kabla, wafanyie kazi pale pale uwanjani. Vyuma chakavu viko Kamukunji, vitambaa viko Gikomba. Nairobi haina uhaba wa wanaojua kazi hii. Cyrus Kabiru amezungusha miwani yake ya taka za mitaani dunia nzima. Sharti langu ni moja: kabla sanamu haijaanza kuchomelewa, iwe na mwenyewe atakayeichukua. Shule, kituo cha afya, kinyozi. Sanamu isiyo na mwenyewe ni taka nzito kuliko zote. Mabango andika kwa mkono kwenye kitambaa cha marekani, bila kutaja mwaka, uyatumie tena.

Usipige msumari kwenye mti. Kamba ifungwe juu ya gunia lililozungushwa kwenye shina, na magari yasiegeshwe juu ya mizizi.

Na miche. Hapa nina msimamo mkali. Mwezi mzuri wa ngoma ni mwezi mbaya wa kupanda. Mche uliopandwa Februari na mgeni wa heshima mbele ya kamera unakauka kabla ya Pasaka. Watu wachague mche wao siku ya tamasha, waandike jina kwenye kibao, na mche ubaki kwenye kitalu. Aprili au Novemba, mvua ikishashika, wapigie simu waje wapande: muiri, mugumo, mukinduri, miti ya hapa. Hawatakuja wote. Watakaokuja ndio watakaomwagilia.

Kesho yake

Kodi mizani ya magunia ya sokoni. Pima kila gunia, andika kilo kwa aina, hesabu vikombe vilivyopotea, soma mita ya umeme. Karatasi hiyo ibandike kwenye lango la uwanja na umpelekee nakala mzee wa Nyumba Kumi. Chama cha akina mama na vijana wa taka walipwe siku hiyo hiyo, kabla ya bendi.