Kuseti jairo ya helikopta ya rimoti isiyo na flaiba: skrubu kwanza, gaini baadaye

Helikopta ikitikisa mkia kidogo tu watu wanakimbilia gaini, yaani nguvu ya jairo kusahihisha mwendo, wanapandisha wanashusha mpaka betri inaisha, kumbe shida ni skrubu imelegea. Lile boksi la jairo, linaloshika nafasi ya flaiba (fimbo ya kutuliza iliyo juu ya rota), linahisi mwendo na kusukuma servo (mota ndogo zinazosogeza mikono) basi, linki (kijiti cha kuunganisha) yenye mchezo au shafti iliyopinda haliwezi kukunyooshea.

Chomoa kwanza nyaya tatu za mota, hii haina mjadala. Kwenye rimoti trimu zote (virekebisho vidogo vya katikati) ziwe sifuri, sabutrimu pia, marekebisho yote yafanyike ndani ya boksi lenyewe. Kabla ya kuchomeka servo ya mkia soma imeandikwa 1520 au 760 (upana wa mpigo wake wa katikati, kwa maikrosekunde), ukichagua sivyo unaweza kuiunguza hapo hapo. Halafu stiki ikiwa katikati mikono ya servo ikae nyuzi 90, swashi (sahani inayoinamisha mapanga makuu) iwe sawa pande zote na pichi (pembe) ya mapanga isome sifuri kwa geji. Boksi likikwambia weka saikliki (pichi ya mapanga ya kwenda mbele, nyuma na pembeni) nyuzi 6 pima kweli, usikadirie kwa macho, maana hesabu zake zote zinaanzia hapo.

Sasa kipimo ambacho hakitaki kurukwa. Washa, iache itulie bila kuguswa mpaka jairo imalize kujipima, kisha inyanyue kwa mkono uiinamishe pua mbele: swashi lazima irudi nyuma, kama inapigana na wewe. Ukiilaza kulia swashi iende kushoto. Geuza pua kushoto, servo ya mkia ifanye vile vile inavyofanya ukisukuma stiki ya mkia kulia. Ikienda kinyume hata upande mmoja usiruke, itapinduka ikiwa bado iko chini.

Na ukiona swashi imebaki imeinama baada ya kuachia stiki ikiwa chini usihangaike, ni kawaida, usiifukuzie kwa stiki ukiwa unataka kuinuka.

Kuruka nenda siku isiyo na upepo, anza na gaini aliyopendekeza mtengenezaji au chini kidogo. Anza na mkia. Ukitikisika haraka haraka, ule mtetemo mdogo wa kasi, gaini ni kubwa, shusha pointi chache. Ukiyumba polepole kwa upana usipandishe gaini kwanza, tua ushike slaida ya mkia (kipande kinachoteleza kwenye shafti ya mkia) kwa vidole uone kama inateleza bila kukwama na bila mchezo, mara nyingi jibu liko hapo. Ukizungusha ukasimamisha ghafla na mkia ukarudi nyuma kidogo, kwa maboksi mengi ni ile ai (gaini ya pili, inayoshikilia mkia pale ulipo) imezidi au servo ni nzito.

Swashi ni hivyo hivyo: nenda mbele kwa kasi, pua ikiinuka yenyewe gaini ni ndogo, ikitikisa kichwa haraka imezidi. Badilisha kitu kimoja kwa mruko mmoja, ukigusa viwili hujui kipi kimesaidia. Kama inaanza vizuri halafu baada ya muda inalalia upande mmoja acha kabisa setingi, hiyo ni vaibresheni, kagua shafti, balansi ya mapanga ya mkia na tepu iliyoshika jairo.

Ukishapata gaini nzuri kwa spidi moja ya kichwa (kasi ya kuzunguka kwa mapanga makuu) ujue ukipandisha spidi itaanza kutikisika tena, kwa hiyo kila modi ya rimoti ipe gaini yake.